Chai ya Saa Nne

Nakwa, Babati
25 Januari 2004

Dada Eliakunda,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila kifua kinanisumbua kidogo kwa vumbi, na asubuhi za huku zina baridi ambayo hakuna aliyenionya. Mama anaendeleaje na goti lake? Mwambie blanketi alilonipa ndilo linaloniokoa. Na wewe, tangawizi imetokaje mwaka huu? Wanakikundi wako bado wanakuogopa?

Basi ni kweli, mimi ndiye Mkuu wa Shule. Nina ofisi, nina muhuri, nina kiti cha kuzunguka ingawa kinazunguka upande mmoja tu. Shule iko Nakwa, katikati ya mahindi ya watu, na mkoa wenyewe ni mchanga kiasi kwamba ofisi nyingine mjini bado zinanuka rangi. Kila unayekutana naye katoka kwingine. Hilo lingenifariji, kama walimu wangu wasingekuwa wameshazoeana wenyewe kwa wenyewe kabla sijafika.

Kabla ya kuripoti tulipelekwa semina Arusha. Dada, kumbe uongozi una nadharia! Wapo wanaosema kiongozi huzaliwa nao, asiyezaliwa nao asijisumbue. Wapo wanaosema ni sifa, unaweza kujifunza. Halafu kuna mitindo: wa kiimla anaamuru, wa kidemokrasia anauliza, wa holela anawaachia watu wajiendee. Nadharia ya mwisho inasema hakuna mtindo ulio bora kuliko mwingine, unatazama kwanza hali na watu ulio nao. Mkufunzi akatugawia kadi, kila mtu achague mtindo wake, auandike, aubandike ukutani ofisini. Kadi yangu bado nyeupe.

Sababu ni hii. Kiti hiki watu walitarajia kiende kwa makamu wangu, Mwalimu Sylvesta, mtu wa Mbulu, mrefu, asiye na maneno mengi. Na kila siku saa nne walimu wote hukusanyika chumbani kwao, sufuria moja ya chai ya maziwa, mihogo ya kuchemsha, na kicheko kinachofika mpaka mezani kwangu. Nikiingia, kimya. Huyu anatazama kikombe, yule anakumbuka ana madaftari ya kusahihisha. Wanasema nini mle ndani? Ukinichukulia kuwa mwoga, sawa, lakini wewe hukuvisikia hivyo vicheko.

Niandikie. Wewe umeongoza watu miaka mingi. Kukiwa na dharura piga simu dukani kwa Bwana Mikidadi, mwenyekiti wa bodi ya shule, ana duka la vitambaa Maisaka. Namba nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Mdogo wako,
Heriel


Mamba, Same
15 Februari 2004

Heriel mdogo wangu,

Marahaba. Sisi huku wazima kabisa, Mungu anatutunza. Goti la Mama linauma kukiwa na mtu wa kulalamikiwa, akiwa peke yake shambani halimuumi hata kidogo. Kifua chako ukifunge kwa tangawizi, nimempa dereva wa lori mfuko mdogo, akikuletea nusu yake ujue nusu kaiuza.

Nadharia zako nimemsomea Mama amecheka mpaka akashika ubavu. Mimi semina sijawahi kuiona, lakini wewe unajua uenyekiti wa kikundi cha tangawizi nimeupataje. Unamkumbuka Valeria aliyekuwa mwenyekiti kabla yangu? Mpole yule, kila jambo anauliza watu wanaonaje. Sisi tukawa tunakutana kisimani tunapanga yetu, akitokea tunanyamaza, tunamsifia kitenge chake. Uchaguzi ulipofika hakupata kura hata ya wifi yake. Mimi ndiye niliyekuwa nawanyamazisha wenzangu akikaribia, kwa hiyo nakwambia kimya cha namna hiyo nakijua kina nini ndani yake.

Kikulacho ki nguoni mwako, Heriel. Hiyo chai ivunje. Watu wasiokaa pamoja hawapangi kitu. Na huyo mrefu asiye na maneno, huyo ndiye wa kumwangalia. Mwenye maneno mengi utamjua mapema.

Mama amenilazimisha niandike na neno lake. Anasema uwe unakwenda kunywa hiyo chai, ukae, usiseme kitu, unywe tu. Nimemwambia shule siyo kilabu cha wazee. Amesema andika hivyo hivyo. Basi nimeandika, shauri yako.

Dada yako,
Eliakunda


Nakwa, Babati
14 Machi 2004

Dada,

Shikamoo sana. Natumaini barua hii inawakuta salama. Tangawizi imefika, karibu yote. Kifua kimepoa, moyo ndio haujapoa.

Chai nimeivunja. Nilitoa tangazo kwamba kuanzia sasa kila mwalimu atanywea chai mezani pake, kwa ajili ya kulinda muda wa vipindi. Hakuna aliyepinga, na hilo ndilo lililonitisha. Ungewaona walivyolisoma lile tangazo, mmoja mmoja, wanaondoka bila neno. Sasa wanakutana kwa vipande, wawili nyuma ya jiko, watatu kwenye kivuli cha tangi la maji. Nikitokea, yale yale.

Kuna mwalimu wa hisabati, Devotha, kijana, mchangamfu. Wiki iliyopita alinikalisha kwa maswali. Mkuu, kwenu ni Upare sehemu gani? Unasali kanisa gani? Hapa mjini kuna Mpare yeyote anayekufahamu? Nikamtajia Mzee Damiani, fundi cherehani wa Bagara, yule aliyetoka karibu na kwetu. Nimeshasema ndipo nikajiuliza, ya nini hayo? Jioni nikamwona anamwambia Sylvesta kitu, na Sylvesta anaitikia kwa kichwa. Mtu akikusanya habari zako hivyo anatafuta pa kukushikia.

Halafu huyo Sylvesta kila Jumamosi yuko dukani kwa Mikidadi. Anasema ni rafiki yake wa siku nyingi. Mwenyekiti wa bodi na makamu wangu, nyuma ya marobota ya vitambaa, bila mimi! Mke wa Mikidadi, Bi Zuwena, ananisalimia kwa adabu zote, ila nikishapita nahisi macho mgongoni. Dada, ukipiga simu pale usiseme chochote kuhusu mambo yangu.

Kadi nimeiandika. KUTEGEMEA HALI. Iko ukutani, kila anayeingia anaiona. Na hali ninayoiona mimi inataka macho.

Mwezi wa tano tutakuwa na wageni kutoka ofisi ya mkoa, watakagua uongozi wa shule. Nadhani ndiyo siku wanayoingojea. Mama nimemtumia khanga, mwambie asiihifadhi kabatini.

Mdogo wako,
Heriel


Mamba, Same
1 Mei 2004

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole na kazi. Barua nimechelewa kujibu, tulikuwa na mvua, barabara ya kushuka Same ilikuwa tope tupu.

Mama mzima kama chuma. Jana kashuka bondeni na jembe lake kapanda maharage, jioni karudi anaimba, mimi niliyebaki nyumbani ndiye niliyelala nimechoka. Khanga kaiweka kabatini, si ulijua? Anasema ataivaa siku utakapokuja. Anauliza pia kama ile chai umeshaanza kuinywa, nimemwambia umeanza, Mungu anisamehe.

Umefanya vizuri kuwatawanya. Sasa nisikilize kwa makini maana mimi haya nimeyafanya kwa mikono yangu. Watu wakitaka kumtoa mtu kitini hawaji na fimbo. Wanakuja wapole, wengi kidogo, wamevaa vizuri, na sababu nzuri ya wewe kutoka. Valeria tulimwambia mwanawe anahitajika kusindikizwa hospitali, na sisi wenyewe tukamtafutia gari, na mkutano ukafanyika hayupo. Siku ya wageni wako isije ikakukuta nje ya ofisi. Mtu akikwambia njoo huku mara moja, mwambie na wewe aje huku.

Dada yako,
Eliakunda


Nakwa, Babati
11 Mei 2004, jioni

Dada yangu,

Shikamoo! Sijui hata nianzie wapi. Salamu kwa Mama, kwanza kabisa, na utaona kwa nini nasema hivyo.

Barua yako imenifikia leo hii asubuhi. Nimeisoma, nimeikunja nikaiweka mfukoni mwa koti, na Dada, haijamaliza nusu siku mle mfukoni imeniokoa.

Kabla ya kengele ya chakula naona gari dogo jeupe linaingia. Wanashuka Mikidadi na Mzee Damiani, fundi wa Bagara, amevaa koti la Jumapili siku ya Jumanne. Sylvesta na Devotha wanatoka darasani kuwapokea, kumbe walikuwa wanawangoja. Wote wanne wakaingia ofisini kwangu. Wapole, wengi kidogo, wamevaa vizuri. Nusura nicheke.

Mzee Damiani ndiye aliyeanza. Akanisalimia kwa Kipare, akauliza nimekula, akauliza kazi, akazunguka weee, mwisho akasema wamepata simu kwamba Mama anaumwa kidogo, na kwamba wao wameshapata gari, wameshachangia mafuta, twende wanisindikize nyumbani, shule Sylvesta ataipangia utaratibu.

Sylvesta ataipangia! Na wageni wa mkoa wanakuja keshokutwa Alhamisi!

Nikawauliza anaumwa nini. Mikidadi akasema hawakuambiwa vizuri. Nikauliza tangu lini. Wakatazamana. Ndipo nikaitoa barua yako, nikaifungua mezani, nikawasomea kwa sauti pale uliposema Mama mzima kama chuma, kashuka bondeni kapanda maharage, karudi anaimba. Nikasema, "Huyu ndiye mgonjwa wenu?"

Mikidadi alivua kofia yake akaishika mikononi. Devotha akaanza kulia, nami nikaona kweli hawa wamejiandaa, mpaka machozi. Mikidadi akasema basi twende dukani kwangu uzungumze na dada yako mwenyewe kwa simu. Na wewe uliniambia, mtu akikwambia njoo huku mara moja. Nikamwambia hiyo simu yake abaki nayo.

Nimewatoa wote. Mlinzi nimemwagiza gari lile lisiingie tena. Sylvesta na Devotha nimewapa hadi kesho waniletee maelezo kwa maandishi, kwa nini wameshiriki kumdanganya mkuu wao wa kazi kwa kutumia jina la mzazi wake. Sylvesta alibaki mlangoni nyuma ya wenzake, akasema tu, "Mkuu, ukibadili mawazo usiku wowote, niko." Hata hapo hakushindwa kutega.

Niandikie upesi uniambie nimefanya vema. Mbusu Mama. Mwambie wamemuua kwa maneno na yeye yuko bondeni na maharage yake.

Mdogo wako,
Heriel


Mamba, Same
30 Mei 2004

Heriel,

Sina salamu za kuanzia. Pole ndiyo salamu yetu sasa, na pole tulishapeana.

Barua yako ya tarehe kumi na moja nimeipata leo. Mchungaji aliichukua posta ukiwa bado hapa msibani, ikabaki ndani ya gari lake chini ya vitabu vya nyimbo, leo baada ya ibada ndipo kaniletea anaomba radhi. Wewe umeshaondoka wiki nzima. Nimeisoma nimesimama, halafu nimeisoma tena nimekaa chini.

Siku zote ulizokaa hapa hukuniambia. Nilikukumbatia ile Ijumaa ulipofika umechelewa, nikakupa pole ya barabara, ukaipokea.

Ngoja nikueleze ya upande wangu, maana sasa naona hata mimi sikuyajua. Mama aliporudi shambani Jumatatu alisema kifua kimembana, akajilaza, hakuamka. Jumanne alfajiri nilishuka kutafuta simu, nikampata Mikidadi. Mimi ndiye niliyemwambia, kwa mdomo wangu, asiambiwe akiwa peke yake, mtafutieni mtu wa kwao, mwambieni Mama anaumwa, mleteni. Ndivyo baba alivyokufa na sisi tukaambiwa anaumwa. Ndivyo kila mtu anavyoambiwa. Mtoto wa darasa la pili akiona wazee wamesimama na gari liko nje, wanamwambia mama yako anaumwa kidogo, anaanza kulia hapo hapo. Wewe msomi ulikosaje kusikia?

Najua ulikosaje. Ulikuwa na barua yangu mfukoni.

Alhamisi tulikungoja. Gari jeupe likaja, wakashuka wanne, nikakimbia kukutafuta mlangoni, hupo. Nikauliza. Yule mrefu akasema, "Mama, gari la Mkuu wa Shule limeharibika Minjingu, yuko nyuma yetu anakuja." Alisema bila kupepesa. Yule binti akaingia jikoni moja kwa moja akaosha masufuria na wanawake wa hapa kama aliyezaliwa hapa. Yule Mwislamu mwenye kofia akakaa na wazee akawaeleza jinsi unavyoiendesha shule vizuri. Nilijivuna, Heriel. Katikati ya kulia kwangu nilijivuna.

Tukasubiri mpaka Mchungaji akasema mvua inakuja. Akaitwa mwana wa kiume atupe udongo wa kwanza. Watu wakatazamana, wengine wakaanza kunong'ona. Yule mrefu akasogea, akainama, akatupa, akasema kwa sauti anatupa kwa niaba yako. Minong'ono ikakatika. Nilimshika mikono yote miwili nikamshukuru. Leo ndipo najua nilikuwa namshukuru mtu uliyemwamuru atoe maelezo.

Mama tumemzika na ile khanga. Alikuwa hajaivaa hata mara moja.

Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuandikia hivyo. Kumbe ni mimi niliyekuwa nguoni mwako. Niliyoyafanya kwa Valeria nikadhani kila mtu huyafanya. Jana nimepita kwa Valeria, nimekaa uani kwake, tumechambua mchicha tu.

Nijibu. Nisute ukitaka, lakini nijibu.

Dada yako,
Eliakunda


Nakwa, Babati
13 Juni 2004

Dada Eliakunda,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili. Natumaini unakula, maana Mama hayupo wa kukulazimisha.

Sikukwambia kwa sababu sikukuta mahali pa kuanzia. Na nilisali ile barua ipotee. Sikusuti. Uliandika maneno, mimi ndiye niliyekuwa na macho pale ofisini na nikayakataa.

Kimebaki kipande usichokijua. Jumatano asubuhi Sylvesta na Devotha hawakuonekana kazini, na lile gari halikuonekana mjini. Nikasema sawa, wamegoma, wameniachia aibu mbele ya wageni. Nikaandika shitaka la utoro kazini, nikaligonga muhuri. Alhamisi wageni wa mkoa walikaa ofisini kwangu, mmoja wao analisoma lile shitaka anatikisa kichwa, ndipo akaingia Bi Zuwena, mke wa Mikidadi. Hakubisha hodi. Alikuja kwa miguu kutoka Maisaka na viatu vimejaa vumbi. Alisema, "Mwalimu, wanaume wamekataa kukutamkia, basi nitakutamkia mimi. Mama yako amefariki, anazikwa leo, na walimu wako wameshakwenda kuzika."

Yule mgeni aliiweka karatasi mezani, taratibu, maandishi yakiwa chini.

Nimesafiri sijui nimesafirije. Ijumaa naingia stendi ya Same, nani kasimama pale? Sylvesta. Alikuwa ananingoja tangu alfajiri. Nikadhani ataninyooshea kidole, na ningefurahi kama angeninyooshea. Akanipa mkono wa pole, akasema nyumbani wamesema gari liliharibika Minjingu, na nikifika nisije nikawasuta wao kuwa waongo. Akapanda basi la kurudi Babati kufungua shule. Basi.

Nimerudi kazini siku nyingi sasa. Shitaka nimelichana, mgeni wa mkoa hakuliulizia. Tangazo la chai nimelibandua mwenyewe. Watu wakarudi chumbani kwao saa nne, sufuria moja, mihogo, na mimi nikawa nakaa ofisini nasikiliza vicheko kama zamani. Dada, nakwambia ukweli, bado sikio langu linajiuliza wananicheka? Ugonjwa huu haukuzikwa pamoja na Mama.

Juzi Ijumaa nikakumbuka neno la Mama ulilolazimishwa kuliandika. Nikaenda. Nikafungua mlango, wakanyamaza, kama kawaida. Devotha akasogea kwenye benchi. Nikakaa, nikapewa kikombe, nikanywa, sikusema kitu. Baada ya muda wakaendelea na habari yao. Unajua ilikuwa nini? Mbuzi wa jirani aliyeingia darasani wakati wa mtihani. Na kumbe walikuwa wananyamaza kwa sababu kila nilipoingia nilisimama mlangoni na saa yangu ya mkononi, wakidhani nimekuja kuwafukuza.

Wenzetu walipotoka nikabaki na Sylvesta anasuuza vikombe. Nikamwuliza kwa nini alinifichia aibu, mbele ya ndugu zangu, mtu niliyemfukuza mlangoni. Akamaliza kusuuza, akavifunika.

Akasema, "Mkuu, angekuwa mama yangu, ungekuja?"

Dada, kadi iko ukutani ofisini, inasema nategemea hali, na mimi nimesimama pale na kikombe mkononi. Hakunisubiri nijibu. Alichukua chaki zake akaenda kufundisha.

Mama yake yuko Mbulu, bado hai. Nimemwomba Jumamosi ijayo anipeleke nikamsalimie, amesema atafikiri.

Mdogo wako,
Heriel